Nifanyeje niizoee kampasi kubwa ya ugenini kabla masomo hayajashika kasi?

Mgeni wa Kampasi anauliza:

Salamu kwenu nyote, wakubwa kwa wadogo. Hii ni wiki yangu ya pili tangu nifike Marekani kusoma shahada ya uzamili, na ninawaandikia kwa sababu najua humu wamo waliokwisha kupita njia hii kabla yangu, tena katika nchi mbalimbali. Chuo nilichojiunga nacho ni kikubwa kuliko nilivyotarajia. Kutoka bweni ninalokaa hadi jengo la idara yangu ni mwendo wa dakika 25 kwa miguu, na katikati ya safari hiyo kuna majengo mengi ya matofali mekundu yanayofanana kiasi kwamba hadi leo siwezi kuyatofautisha bila kusoma kibao cha mlangoni.

Siku ya kwanza ya masomo ratiba yangu ilionyesha chumba namba 112. Niliingia jengoni nikiwa na dakika kumi mkononi, nikaona ngazi, nikapanda hadi ghorofa ya kwanza kama ambavyo ningefanya kwingine kokote, nikaanza kutafuta. Milango yote ya huko juu ilianzia 201. Nikadhani nimekosea jengo, nikashuka, nikatoka nje na kwenda jengo la jirani, nako hapakuwa na chumba hicho. Nilipokipata hatimaye, kilikuwa hatua chache tu kutoka mlango nilioingilia mara ya kwanza, lakini mhadhara ulikuwa umekwenda dakika 20, na sikupata ujasiri wa kuufungua mlango mbele ya watu themanini nisiowajua. Nilisimama koridoni hadi mhadhara ulipokwisha, nikisikia sauti ya mhadhiri bila kuyashika maneno.

Katika wiki ya utambulisho tulitembezwa kampasi kwa saa moja na nusu, kundi la watu kama arobaini nyuma ya mwanafunzi mmoja aliyekuwa akitembea kinyumenyume huku akitueleza historia ya chuo. Ninakumbuka sanamu, chemchemi na mnara wa saa. Sikumbuki mahali pa kuchapisha kazi zangu, wala mahali ninapoweza kukaa kwa utulivu kati ya kipindi kimoja na kingine bila kurudi bwenini.

Ninaomba mnieleze mlivyofanya ninyi. Je, kuna utaratibu wa kuijifunza kampasi, au mtu huachiwa muda tu hadi azoee? Ninaruhusiwa kuingia majengo ya vitivo visivyo vyangu? Na maktaba yenye ghorofa saba mtu huianzia wapi?

Msomaji wa Ramani anajibu:

Mdogo wangu, pole sana. Nimeisoma habari ya chumba 112 nikaikumbuka siku yangu mwenyewe, ingawa mimi yalinikuta kinyume chako: nilianza masomo Marekani, kisha nikaenda Uingereza kwa muhula mmoja, na huko nikawa ninakitafuta chini chumba kilichokuwa juu. Marekani huanza kuhesabu ghorofa kwenye usawa wa ardhi, kwa hiyo sakafu unayoingilia ndiyo ya kwanza, na ile unayoifikia kwa ngazi ndiyo ya pili. Uingereza na sehemu kubwa ya Ulaya sakafu ya chini haimo katika hesabu; kwenye lifti utaikuta imeandikwa G au 0, na ghorofa ya kwanza ni ile iliyo juu yake, sawasawa na tunavyosema sisi. Tarakimu ya kwanza ya namba ya chumba mara nyingi ndiyo inayotaja ghorofa, ndiyo maana ulikuta milango ya juu inaanzia 201. Jihadhari tu na majengo yaliyojengwa kwenye mteremko, kwa maana unaweza kuingia kwa mlango wa nyuma ukajikuta tayari uko ghorofa ya pili au ya tatu bila kupanda ngazi hata moja.

Kuna vyuo vilivyofanya namba kuwa ndiyo anwani. Pale MIT, chuo kikuu cha teknolojia katika jimbo la Massachusetts, watu huyataja majengo kwa namba kuliko kwa majina, na ukiandikiwa 10-250 maana yake ni jengo la 10, chumba namba 250, ghorofa ya pili. Majengo makuu ya hapo yameunganishwa na korido moja iliyonyooka yenye urefu wa mita zipatazo 250, na mara mbili kwa mwaka, katikati ya Novemba na mwishoni mwa Januari, jua linalozama huipenya yote kutoka ncha hadi ncha. Ninakutajia hili kwa sababu kila chuo kina mantiki yake ya kujipanga, na ukishaishika mantiki hiyo, nusu ya kazi imekwisha. Kwa hiyo kabla ya kukariri majina ya majengo, muulize mtu mmoja mwenyeji: namba za hapa husomwaje, na herufi zilizo kwenye ratiba ni vifupisho vya majengo gani?

Sasa nije kwenye utaratibu uliouomba. Chukua ratiba yako ya wiki nzima, subiri Jumamosi au Jumapili asubuhi kampasi ikiwa tulivu, kisha uitembee ratiba hiyo kwa miguu kuanzia mlangoni kwa bweni lako, kipindi baada ya kipindi, kwa mpangilio uleule wa siku. Usiishie nje ya jengo. Kama mlango uko wazi, ingia, ufike hadi kwenye chumba chenyewe, ushike kitasa, utazame choo cha karibu kiko wapi na bomba la maji ya kunywa liko wapi, kisha utafute mlango wa pili wa kutokea. Tazama saa unapoondoka chumba kimoja na unapofika kingine, uandike dakika hizo pembeni mwa ratiba. Nilipofanya hivyo niligundua kwamba vipindi vyangu viwili vya Alhamisi vilitenganishwa na dakika 10 wakati mwendo wenyewe ulihitaji 14. Nilimwendea mhadhiri wa kipindi cha kwanza kabla ya muhula kushika kasi, nikamweleza, naye akaniruhusu nikae karibu na mlango na kuondoka dakika chache mapema. Kama ningesubiri hadi nichelewe mara tatu, mazungumzo yale yangekuwa mazito zaidi.

Usiitegemee simu peke yake. Ramani ya simu hukufikisha penye jengo, lakini haijui mlango unaofunguliwa kwa kitambulisho cha wafanyakazi tu, wala haijui kwamba daraja dogo la ghorofa ya pili linakuvusha hadi jengo la jirani bila kushuka. Mambo hayo utayaona kwa kuwatazama waliokutangulia. Angalia kwenye nyasi: pale ambapo miguu ya watu imekwisha chora kijia cha udongo kutoka kona moja hadi nyingine, ujue hapo ndipo wenyeji wanapopita, na mara nyingi kijia hicho kinaelekea mlango ambao hukuonyeshwa siku ya kutembezwa.

Kwa wengine watakaosoma hapa wakiwa nchi nyingine, niongeze kwamba si kila chuo kina kampasi kama tunavyoifikiria. Neno lenyewe ni la Kilatini lenye maana ya uwanja, na lilianza kutumika kwa eneo la chuo huko Princeton, Marekani, katika karne ya 18, kwa hiyo mawazo ya chuo kilichokaa peke yake katika uwanja mpana yana asili ya Marekani. Stanford, chuo cha jimbo la California, kwa mfano, ina ardhi inayozidi hekta 3,300, na wanafunzi wengi huko huendesha baiskeli kutoka darasa hadi darasa. Chuo cha Bologna, Italia, ambacho kwa desturi huhesabiwa kuanza mwaka 1088, kimetawanyika ndani ya mji wake. Chuo cha Heidelberg, Ujerumani, kilichoanzishwa mwaka 1386, kina vitivo katika mji mkongwe na vingine ng'ambo ya mto Neckar, hata mwanafunzi wa sayansi anaweza kupita wiki nzima asikanyage upande wa pili. Katika miji ya namna hiyo kuijifunza kampasi ni kujifunza mabasi na treni ndogo za mjini, na nchini Ujerumani ada ya muhula mara nyingi hujumuisha tiketi ya usafiri, kwa hiyo kitambulisho cha mwanafunzi ndicho cha kwanza kushughulikia.

Tena, huko Ujerumani kuna jambo la saa ambalo linawachanganya wageni wengi. Ratiba ikiandika 10 c.t., mhadhara huanza saa 4 na robo asubuhi, kwa sababu herufi hizo ni kifupi cha maneno ya Kilatini yanayoruhusu robo saa ya kitaaluma, ikiandika s.t., huanza saa 4 kamili bila nyongeza. Rafiki yangu alikaa peke yake ukumbini robo saa nzima, akiamini kwamba kipindi kimefutwa, na alikuwa ameshabeba mkoba aondoke wenzake walipoingia.

Rafu ya Juu anajibu:

Kaka Msomaji amelimaliza la njia, nami nitajibu la maktaba, kwa kuwa nimefanya kazi ya muda nikipanga vitabu kwenye rafu kwa miaka miwili ya masomo yangu, na nimewaona wanafunzi wageni wengi wakigeuka na kuondoka ghorofa ya tatu bila kitabu walichokifuata, ilhali kilikuwa mbele ya macho yao.

Maktaba nyingi kubwa za vyuo vya Marekani hupanga vitabu kwa mfumo wa Maktaba ya Bunge la nchi hiyo, unaoanza na herufi: Q ni sayansi, R ni tiba, K ni sheria, T ni teknolojia, na P ni lugha na fasihi. Kwingine utakuta mfumo wa desimali wa Dewey, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1876, ambao hugawanya maarifa yote kuanzia 000 hadi 999. Hapo penye lifti kwa kawaida pana bango linaloonyesha herufi au namba zilizoko kila ghorofa. Lipige picha bango hilo leo, nawe utakuwa umeishapata ramani ya ghorofa zote saba.

Kinachowapoteza watu ni sehemu yenye nukta na herufi katika namba iliyobandikwa kwenye mgongo wa kitabu. Tuseme unatafuta vitabu kuhusu Kiswahili. Katika mfumo wa Bunge, Kiswahili kiko PL 8701 hadi PL 8704, na namba hiyo husomwa kama namba nzima, elfu nane mia saba na kitu. Lakini namba inayofuata nukta na herufi, kama .K35, husomwa kama desimali, kwa hiyo .K35 hutangulia .K4, wala haiji baada yake, ijapokuwa kwa macho 35 ni kubwa kuliko 4. Mtu asiyejua hilo huenda moja kwa moja mbele ya rafu, haoni kitabu, na kuamini kwamba kimeazimwa. Simama, rudi nyuma rafu moja, utakikuta. Ninakushauri hiyo rafu ya PL 8701 iwe ya kwanza kuitembelea kwa sababu nyingine pia: utakuwa unajifunza mfumo mgeni kwa vitabu ambavyo majina yake unayaelewa, na umbo la namba utalishika upesi zaidi. Kama maktaba yenu inatumia Dewey, nenda 496.392.

Baada ya hapo, mtafute mkutubi anayehusika na somo lako. Vyuo vingi vikubwa vina mkutubi kwa kila kundi la masomo, na kazi yake ni hiyohiyo ya kukaa na wewe nusu saa na kukuonyesha majarida, hifadhidata na namna ya kuagiza kitabu ambacho chuo hakina kutoka maktaba ya chuo kingine. Wanafunzi wengi hufika mwaka wa pili bila kujua kwamba huduma ya kuazima kati ya maktaba ipo. Usione haya kumwandikia barua pepe. Hakuna anayemdhania mwanafunzi mpya kuwa anajua.

Kila maktaba ina masharti yake, na ni adabu kuyauliza. Bodleian ya Oxford, iliyofunguliwa mwaka 1602, bado humtaka msomaji mpya aahidi kwamba hataingiza moto wala kuwasha ndani ya maktaba. Vitabu vyake kwa desturi havitoki nje. Mwaka 1645 Mfalme Charles wa Kwanza aliomba kuazima kitabu, akaonyeshwa kanuni na akakubali kwamba hapewi. Maktaba yenu huenda ina masharti mepesi zaidi, lakini ghorofa ya ukimya ni ghorofa ya ukimya, na kule hata mnong'ono husikika hadi dirishani. Kwa kupumzika kati ya vipindi, tafuta ghorofa inayoruhusu mazungumzo ya chini, kaa upande usiopigwa na jua la mchana, na uchague meza iliyo karibu na soketi ya umeme.

Magurudumu anajibu:

Ninaongeza neno moja kwa yaliyosemwa na Msomaji wa Ramani, nalo si dogo kwa wenzangu. Mimi hutembea kwa kiti cha magurudumu, na vijia vya mkato kwenye nyasi havinisaidii, wala ngazi za jengo la zamani. Vyuo vya Marekani viko chini ya sheria ya mwaka 1990 inayolinda haki za watu wenye ulemavu, na vingi vina ramani ya pekee inayoonyesha milango yenye mteremko, lifti, na upande wa jengo ambao njia haina vizingiti. Ramani hiyo haigawiwi siku ya kutembezwa. Iombe katika ofisi ya huduma kwa wanafunzi wenye ulemavu. Hata asiye na ulemavu itamfaa siku atakayovuta masanduku mawili au atakayoteguka mguu. Mimi niliikosa mwezi wa kwanza, na kila Jumatatu nilikuwa nikizunguka jengo zima la maabara kumbe lifti ilikuwa nyuma ya mlango wa kijivu usio na kibao.

Mgeni wa Kampasi:

Ninawashukuru kwa dhati, hasa kwa ile habari ya ghorofa, ambayo imenitoa fundo lililonikaa moyoni kwa wiki mbili. Ninaomba niongeze swali nililolisahau. Kipindi changu cha Jumanne huisha saa 3 usiku, na njia ya kurudi bwenini hupita kando ya viwanja vya michezo ambako taa ni chache. Kaka yangu mkubwa amenisihi kwa simu nikiache kipindi hicho. Sitaki kukiacha, kwa sababu ndicho somo lililonileta.

Mwendo wa Jioni anajibu:

Dada, usikiache. Nimesoma jioni kwa miaka mitatu, na neno langu la kwanza ni kwamba njia ya mchana na njia ya usiku si lazima iwe moja. Itembee njia ya Jumanne mapema jioni nyingine, ukiwa na mwenzako, giza likiwa limeshaingia, mkatazame taa zilizo hai na milango inayobaki wazi. Njia ndefu inayopita mbele ya maktaba, ambako watu huingia na kutoka hadi usiku, ni bora kuliko fupi inayopita viwanjani, hata kama inakuongezea dakika nane.

Kampasi nyingi za Marekani zina nguzo zenye taa ya buluu juu na kitufe cha simu ya dharura. Ukikibonyeza unaunganishwa na askari wa chuo, nao hujua nguzo iliyopigiwa iko wapi hata usipoweza kueleza. Zihesabu zilizo katika njia yako. Pia ulizia huduma ya kusindikizwa usiku, kwa kuwa vyuo vingi huwa na watu wa kukusindikiza kwa miguu au gari dogo linalozunguka mabweni. Kuitumia si udhaifu, na mimi niliitumia kila wiki bila kujieleza kwa mtu. Namba ya dharura nchini humo ni 911. Wenzetu walioko nchi za Umoja wa Ulaya wapige 112, na Uingereza 999.

Jambo jingine la kujipanga nalo mapema: Jumapili ya kwanza ya Novemba saa hurudishwa nyuma kwa saa moja katika majimbo karibu yote, na kuanzia siku hiyo giza huingia mapema ghafla. Vipindi unavyotoka sasa kukiwa na jua utavitoka kukiwa usiku, kwa hiyo irudie njia yako yote wiki hiyo. Na baridi ikija, ulizia kama majengo yenu yameunganishwa ndani kwa ndani. Chuo Kikuu cha Carleton, mjini Ottawa, Canada, kina njia za chini ya ardhi zenye urefu wa karibu kilomita 5 zinazounganisha karibu majengo yake yote, na wenyeji wa huko huweza kuvuka kampasi katikati ya theluji bila kuvaa koti.

Sina Haraka anajibu:

Nimeyasoma yote na ninayaheshimu, lakini ninatofautiana kidogo na Msomaji wa Ramani. Kuitembea ratiba ni kwema, ila mtu akiishia hapo atamaliza miaka miwili akiwa anajua njia nne tu. Dada ameuliza kama anaruhusiwa kuingia majengo ya vitivo vingine, na swali hilo halijajibiwa.

Jibu ni kwamba, kwa kawaida, mlango wa mbele ulio wazi mchana uko wazi kwako, ukiwa na kitambulisho chako. Korido, ubao wa matangazo, ukumbi wa mhadhara wa wazi, jumba la makumbusho la chuo, nyumba ya mimea ya idara ya botania, vyote hivyo vimewekwa ili watu waingie. Maabara, ofisi na chumba chochote kilichofungwa ni jambo jingine, na hapo hupiti bila mwenyeji. Nchi nyingine zina mipaka ya namna yake: katika koleji nyingi za Oxford na Cambridge utaulizwa langoni na bawabu unakwenda kwa nani, na nyasi za uani si za kukanyagwa na mwanafunzi, kwa hiyo ile kanuni ya kufuata vijia vya udongo huko haifanyi kazi.

Mimi nilijiwekea Ijumaa alasiri kuwa saa ya kuingia jengo moja nisilolijua. Sikuwa na lengo zaidi ya kusoma ubao wa matangazo. Ijumaa ya tatu niliingia idara ya jiolojia, nikakuta kabati la kioo lenye mawe yaliyokatwa na kung'arishwa, kila moja na kikaratasi kilichopigwa taipu na kingo zilizokwisha kuwa za manjano. Mzee mmoja alitoka ofisini akanikuta nimeinama kuvisoma, akaniuliza nasoma nini chuoni. Nilipomwambia ninasoma mipango miji, alinipeleka chumba cha ramani ambacho sikujua kama kipo, chenye madroo mapana ya chuma yaliyojaa ramani za miji za zaidi ya miaka mia. Tasnifu yangu ilitoka katika madroo yale. Nisingetembezwa na mtu hadi hapo, wala ratiba yangu isingenifikisha.

Pia usisahau milango ya wahadhiri wako mwenyewe. Karibu kila mhadhiri wa Marekani hutangaza saa za ofisi, yaani saa za kuonana na wanafunzi, na saa hizo ni zako; huhitaji kuwa na tatizo kubwa ndipo uende. Nenda kwa yule wa chumba 112, umweleze uliyoyapata siku ya kwanza.

Mgeni wa Kampasi:

Ndugu zangu, ninarudi kuwapa mrejesho baada ya siku tano, kwa kuwa si vizuri kuuliza kisha mtu akanyamaza.

Jumamosi asubuhi niliitembea ratiba yote. Jengo lenye chumba 112 lina milango mitatu, na ule wa mashariki uko hatua tisa kutoka chumbani. Kijia cha udongo kipo kweli, kinakata nyuma ya mnara wa saa na kunipunguzia dakika sita, ila nilikifuata hadi mwisho nikaona kwamba mvua ikinyesha hakitapitika. Nimeziandika njia zote mbili.

Kwenye maktaba nilipanda ghorofa ya tano hadi PL 8701. Kulikuwa na rafu mbili kamili, na kamusi moja nene yenye jalada la kitambaa ambayo mihuri ya kurejeshwa ndani yake ilianza miaka ya 1960. Nilikaa sakafuni nikaisoma hadi taa za kujizima zenyewe zikazima, nikawa ninapunga mkono ziwake. Mkutubi wa somo langu amenijibu barua pepe na kunipa miadi ya Jumatano.

Kwa mhadhiri nilikwenda jana. Alinisikiliza, akafungua daftari, akanieleza kwa ufupi dakika 20 nilizozikosa pamoja na zile nilizozisikia kupitia mlangoni, kisha akasema ataandika kwenye ratiba ya muhula ujao kwamba chumba kiko sakafu ya kuingilia. Kuhusu Jumanne, mwenzangu mmoja wa darasani anakaa bweni lililo jirani na langu, naye alikuwa akiiogopa njia ileile ya viwanjani bila kumwambia mtu. Tumekubaliana kutoka pamoja kwa mlango wa mashariki na kupita mbele ya maktaba. Nguzo za taa ya buluu katika njia hiyo ni nne.